Kopo la Tatu

Kwenye kilabu cha Bernadeta, pale Mtoni, pombe hainywewi mpaka mwenyewe apige funda la kwanza mbele yako. Ndiyo desturi: muuzaji aonje, mnywaji ajue hamna sumu wala mkono wa mtu. Na hakuna aliyeishikilia desturi hiyo kama Polikarpo, kuli mstaafu wa Kurasini, mgane mwenye kisirani. Kila Jumamosi mchana huonja pombe zote na kuzikosoa zote.

Jumamosi hii alianza na komoni. Bernadeta akapiga funda, akampa.

"Changa. Utadhani uji uliosahaulika."

Ikaja wanzuki ya asali. Bernadeta akaonja, akampa.

"Hii chai ya mgonjwa," akanuna, huku akiimaliza yote.

Kisha ukaja uraka wa mabibo, kinywaji cha kwao Bernadeta, Newala, wa kwanza msimu huu. Bernadeta akainua kopo aonje. Kabla halijafika mdomoni, Polikarpo akalichukua, akanywa mpaka kitako cha kopo kikatazama bati.

"We Polikarpo! Mbona sijaonja?"

"Kwani mtu kwake anaonjewa?" akajibu kwa ukali, macho chini.

Bernadeta akageukia mlango wa uani. Miaka yote ya kilabu hicho, hakuna mteja aliyewahi kuvuka pazia la kwenda uani kwake. Akalisogeza kwa kiwiko.

"Basi kopo kaoshe mwenyewe. Ndoo iko uani."