Kadi ya Fundi Viatu

Jirani yangu wa kibanda, fundi viatu, si mtu wa kupigwa picha: pua ndefu, miwani juu ya kipaji cha uso, midomo imebana misumari. Lakini mchoraji mmoja aliyemletea buti aliipenda sura hiyo, akamtia kwenye kadi za mchezo wa vita vya sayari, zile ambazo vijana hununua na kubadilishana. Humo yeye ni Fundi wa Chombo, anashona tundu la chombo cha anga kwa sindano ya viatu. Chini imeandikwa nguvu yake: akiwa peke yake mezani, hashindiki, akiwekewa mwenzake, anadhoofika.

"Hawa wamenijulia wapi?" aliniuliza.

Mkewe alishafariki. Mwanawe yuko mbali, na simu zake hukatika salamu hazijaisha.

Vijana wakamgundua. Kila Jumamosi wakawa wanakuja kuchezea kwenye benchi lake, wanamgusisha kadi begani, ati bahati. "Kapteni, tupe mkono!" Mzee wa watu akanunua benchi la pili na chupa ya chai. Mtu aliyezoea kunijibu kwa nyundo, sasa anacheka mpaka misumari inamdondoka mdomoni.

"Kaka, hawa watakumalizia sukari," nikamwambia.

"Waache wamalize, dada."

Kisha wenye mchezo wakaipiga marufuku kadi yake mashindanoni. Ina nguvu mno, wakasema. Jumamosi ile hakuja mtu. Iliyofuata, vilevile. Chai nikainywa mimi.

Akasikia siku hizi wanachezea kwenye ukumbi ulio nyuma ya kituo cha mabasi. Akafunga kibanda mchana kweupe, akapiga rangi viatu vyake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaenda. Zipu niliyokuwa nashona haijaisha, huyo karudi.

"Vipi?"

"Wamenipokea vizuri. Wamenipa kiti."

"Halafu?"

"Wakaniuliza nachezea kadi zipi." Akaipangusa miwani iliyokuwa safi. "Dada, mimi sijui kucheza."

Jumamosi zote zile alikuwa akimimina chai na kutazamwa. Hakuna aliyemfundisha, naye hakuuliza, asije akawachosha.

Siku ya pili akaja na pakiti nzima ya kadi, anafuatisha maelezo kwa kidole.

"Kaa hapa, dada. Nikishaujua sawasawa, narudi kule."

"Mimi hata karata za kawaida zinanishinda."

"Ndiyo vizuri. Nianze na mnyonge."

Basi jioni tunacheza. Ananifunga kila siku, na wala hafurahi. Kundi la vijana likipita barabarani na mikoba yao mgongoni, anainua kichwa, anasahau kuzificha kadi zake, naziona zote. Siibi. Nasubiri wapite, wapotelee kule kwenye kona, ndipo namwambia, "Zamu yako, kaka."