Skrini Niliyoipima Vibaya Mau Narok

Wakuu, habari za humu. Mimi ni mzee wa miaka tisini na kitu, naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo mnivumilie. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na sina sababu ya kuongeza chumvi.

Juzi nimeona kijana akiuliza anunue skrini ya inchi ngapi kwa sitting room yake. Mmemjibu vizuri. Lakini acheni nami niseme.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa fundi wa nguo kwa shamba la mzungu, Mau Narok. Nashona mapazia, magunia, nguo za wapishi. Mke wangu Rasoa alikuwa anavuna ngano hapo hapo. Tulikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa.

Bwana, yule mzungu mwenye shamba, alikuwa na kamera ya sinema. Wakati wa mavuno akawapiga picha watu wakipakia ngano. Mimi nilikuwa kwa cherehani, sikuona. Jioni Rasoa akaniambia, "Leo nimepigwa sinema! Nilikuwa juu ya magunia kwa trela, na gauni lako."

Lile gauni nilimshonea mimi.

Filamu ikatumwa ng'ambo kusafishwa. Ikakaa miezi.

Kabla haijarudi, Rasoa akashikwa na nimonia. Mnaojua baridi ya Mau Narok mnaelewa. Siku nne tu.

Hapo sitasema zaidi.

Hatukuwa na picha yake hata moja. Tulikuwa tumepanga kwenda studio Nakuru mjini wakati wa Krismasi.

Filamu iliporudi, Bwana akaniita. "Fundi, nataka kitambaa ya sinema. Futi nane."

Nikapima. Kitambaa cheupe kilichokuwepo kilikuwa na upana wa futi nne na nusu. Skrini ya upana wa futi nane inataka kimo cha sita, kwa hivyo lazima niunganishe, na mshono ukate picha; ya futi sita inataka kimo cha nne na nusu tu. Kiburi cha ufundi kikanishika. Nikasema, "Bwana, sita inatosha. Mshono utaonekana."

Akakubali. Hakuna aliyewasha projekta kwanza kuona mwanga unafika wapi.

Jumapili alasiri Bwana akakaribisha wageni kutoka Ulaya sebuleni, wakafunga mapazia. Memsab, mke wa Bwana, alijua habari ya Rasoa, akaniita nisimame nyuma na Mzee Okello, mpishi.

Picha ikaja kubwa kuliko kitambaa. Ilimwagika pande zote, ikaingia kwa ukuta wa mbao nyeusi. Projekta ilikuwa nyuma ya viti vya wageni, na hakukuwa na nafasi ya kuisogeza mbele. Bwana akasema, "Haidhuru."

Trela likatokea. Magunia. Juu yake, gauni. Mikono ikainuka, akapunga.

Kitambaa kiliishia shingoni.

Uso wake ulikuwa kule juu kwa mbao, ukungu tu unaotetemeka. Nikasogea, nikakaza macho. Mara ikaingia picha ya ng'ombe.

Mzee Okello akaninong'oneza, "Omba warudie."

Sikuomba. Wageni walikuwa na chai yao, na mimi ningelia mbele yao. Tena warudie nini, na kitambaa ni kilekile?

Nikaamua kushona kingine, cha futi nane, na mshono wake. Kilinichukua siku tatu. Nilipokipeleka, Memsab alikitazama, akakaa chini.

"Pole sana, fundi. Wageni wamebeba filamu. Wanapelekea mama ya Bwana, Ulaya."

Haikurudi. Baadaye shamba likauzwa, nao wakaenda.

Nilioa tena, nina watoto na wajukuu, nashukuru Mungu. Lakini uso wa Rasoa umenitoka polepole. Gauni naweza kulichora hata leo, mpaka pindo. Uso, hapana.

Kwa hivyo kijana, usianze na skrini. Washa projekta, elekeza ukutani, weka alama ya chaki pembe zote nne, kaa pale utakapokuwa unakaa, halafu ndiyo upime. Na kama fundi anakuambia ndogo inatosha, muulize ni kwa faida ya nani.

Karibuni mseme yenu. Na kama kuna mtu humu ambaye wazee wake walifanya kazi kwenye nyumba za wazungu kule, na waliwahi kuona sinema ya mavuno, mwanamke amesimama juu ya magunia akipunga mikono, naomba aniambie kitu kimoja tu.

Alikuwa anacheka?