Macho ya Mama Kemunto

Utotoni mwangu, kule Gesima, ngozi ya mtoto haikutoka vipele hivi hivi tu. Lazima kuna mtu aliyemtazama. Tuliita ebibiriria, yaani jicho baya, na dawa yake ilikuwa kumsugua mtoto siagi mwili mzima mpaka uchafu wa macho hayo utoke. Leo mimi ni muuguzi, na jambo hili bado linanipandisha hasira.

Mdogo wangu Moraa alikuwa na miaka mitano. Asubuhi hiyo jirani yetu, Mama Kemunto, alimwona langoni akasema, "Huyu mtoto amependeza, jamani!" Basi. Hilo ndilo kosa lake lote.

Saa nne hivi tukawa shambani na nyanya yetu tukichuma majani chai. Moraa akaingiza mkono kwenye mchai wenye kiota cha nyigu, akaumwa kidoleni. Nyigu wenyewe niliwaona! Mara midomo ikavimba, vipele vikamtapakaa tumboni na mgongoni, sauti ikaanza kukwaruza. Nikamwambia nyanya ni nyigu.

"Nyigu ameuma kidole," akanijibu kwa ukali. "Mbona unaovimba ni uso? Nenda ulete siagi."

Nikaleta. Mungu anisamehe, bakuli nililishika mwenyewe. Nyanya, mtu wa maombi asiyekosa kanisa hata Sabato moja, akasugua, akasugua, huku pumzi ya mtoto ikipiga mluzi.

Mama Kemunto akasikia kilio, akaja mbio hadi pale shambani. "Mama, huyo hapumui! Tumpeleke hospitali!"

"Usimkaribie! Bado hujatosheka?"

Ningekuwa mimi ningejiendea zangu. Yeye alimsukuma nyanya, akamnyakua Moraa akiteleza kwa siagi, akakimbia naye hadi kituo cha afya, mimi nyuma nikilia. Moraa akadungwa sindano. Baada ya muda akapumua vizuri.

Mkidhani nyanya alishukuru, hamtujui. "Ameona aibu, akaondoa macho yake mwenyewe," alisema, na kijiji kizima kikakubali. Mimi nilijua ni nyigu, nikanyamaza.

Sasa kazini naletewa watoto walioumwa na nyuki, wanang'aa siagi, mwiba bado umo ndani ya ngozi. Nimechoka! Kwangua mwiba upesi, weka maji baridi, na uso ukivimba au pumzi ikibana, acha kila kitu ukimbie hospitali. Kuna ugumu gani hapo?

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani, nimesimama langoni na mtoto wa Moraa mikononi. Mama Kemunto akapita, mzee sasa, anatembelea fimbo. Alinisalimia akiangalia chini, leso ameivuta hadi kwenye shavu ili asimwone mtoto.

"Mama, mtazame," nikamwambia. "Tafadhali. Ni wa Moraa."

Akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Asije akaumwa na kitu kesho."

Akaenda zake polepole, na hakugeuka.