Walitupatia ruzuku tukamtoa mjane kwenye igizo

Admin, jina langu usilitaje, huku tunajuana. Nina miaka 39, mkulima wa Bugarama, Ngara, na ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha maigizo. Tulikuwa kumi na mmoja. Kwa miaka mingi tumeigiza minadani na mashuleni, tukipitisha kofia kwa watazamaji. Mvua ikinyesha, tunarudi nyumbani mikono mitupu.

Igizo letu lililopendwa zaidi lilikuwa la mjane aliyeporwa shamba na mtu mwenye cheo. Aliyeigiza mjane nitamwita Eliza, na kisa kilikuwa chake mwenyewe. Watazamaji wengi hawakujua. Sisi tulijua, na tulimjua pia aliyempora.

Mwaka jana tukaomba ruzuku ya sanaa. Kwenye kamati ya kugawa alikaa mzee yuleyule aliyempora Eliza. Akaniita, nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Akasema igizo letu ni zuri, ila hela ya serikali haiwezi kulipia watu wanaochafua viongozi, hivyo mjane atoke, tuweke maendeleo. Nikakubali. Maneno ya kumsifu yeye kwenye igizo jipya niliyaandika mimi, kwa mkono wangu huu.

Siku ya onyesho alikuja kama mgeni rasmi. Mwongozo ulitaka Eliza apige magoti ampe maua. Nilimwambia akitaka akatae. Akasema wenzake wana watoto, atafanya. Akapiga magoti. Yule mzee akampapasa bega huku anatabasamu, watu wakapiga makofi, nami nikapiga. 

Baadaye Eliza alikuwa ananawa poda usoni. Akaniambia taratibu, "Dada, shamba alishachukua. Leo mmempa na mdomo wangu."

Hajarudi kikundini tena. Tukikutana sokoni ananisalimia vizuri tu, na hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Ruzuku ilikuja kweli. Tuna spika, tuna mavazi, wenzangu wanalipwa kila onyesho. Sasa imeletwa barua ya mwaka mwingine, na safari hii wameandika kabisa kwamba igizo la mjane lisichezwe popote. Wenzangu wote wanataka nisaini. Mmoja kaniambia kinyaa changu hakilishi mtu.

Nikikataa, nawarudisha watu tisa kwenye kupitisha kofia. Nikisaini, najiona mchafu kuliko yule mzee, maana yeye hakuwahi kujiita rafiki wa Eliza. Barua inatakiwa Ijumaa. Ndugu zangu, ungekuwa wewe ungefanya nini? Nishaurini, ila msinionee huruma.