Siku Niliyompigia Baba Mwano

Nina hasira. Nasema mapema ili asitokee mtu wa kudhani nimeipatia ukubwani. Niliirithi kwa baba pamoja na paji la uso na vidole vifupi, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Mama yeye alikuwa na subira, na subira yake ilitutesa sote.

Baba alikuwa na karakana ya kuchomelea mageti na madirisha pale Nyegezi. Kila likizo ya mwezi wa sita alituahidi kutupeleka ziwani. Najua kuna watakaocheka: mnaishi Mwanza, ziwa mnaliona mkifungua dirisha, sasa mnapelekwa ziwani kufanya nini? Lakini ziwa letu la mjini lilikuwa la kufulia nguo na kuoshea bodaboda. Baba alitaka kutupeleka mbali, kupita Magu, kwenye ufukwe wa mchanga ambako watu wenye nafasi walikwenda na familia zao, wakapiga picha na kuzirusha kwenye simu. Mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja, akatimiza na yeye ahadi yake.

Siku ilianza kwa vibao. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka sita, alikaa dirishani kwangu garini, nikamng'ata bega. Alipopiga kelele, baba aligeuka kwenye usukani akatuzaba wote wawili kwa mkono uleule, bila kuuliza nani kaanza. Mama alitazama mbele. Miguuni kwake palikuwa na hotpoti ya wali na kuku wawili wa kukaanga, na nyuma kabisa kulikuwa na kreti la soda na dumu la maji ya rejeta. Rejeta yetu ilikuwa inavuja tangu Pasaka. Baba alisema ni tone tu.

Tulipopita Kisesa baba alimgonga mbwa. Nilisikia mifupa chini ya sakafu ya gari, pale pale nilipokuwa nimeweka miguu. Hakupunguza mwendo. "Mbwa hana akili," alisema, akaongeza sauti ya redio. Mdogo wangu alilia hadi Magu, na tulipoiacha Magu nyuma akatapika, juu ya kiti, juu ya gauni langu, juu ya kila kitu.

Baba alisimamisha gari akashuka kupokea simu ya mteja. Aliondoka akitembea kwenye majani ya kando ya barabara, akigomba kuhusu geti la mtu. Mama alichukua dumu akamwosha mtoto, akaosha kiti, akaniosha na mimi, akasuuza kanga yake. Nilimwona akiliinamisha dumu mpaka tone la mwisho, kisha akalirudisha mahali pake na kulifunga kizibo vizuri. Hakusema neno. Baba alipanda, tukaondoka.

Nimemlaumu mama kwa ukimya ule kuliko nilivyomlaumu baba kwa yaliyofuata. Si haki, najua, lakini ndivyo nilivyokuwa nikihisi.

Hatukufika mbali. Moshi ulianza kutoka kwenye boneti, baba akaingia pembeni penye mashamba ya pamba yaliyokwishavunwa. Alifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, kwa pupa, na maji ya moto yakamrukia mkono mzima. Alipiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake. Kisha akasema, taratibu sana, "Lete dumu."

Mama alilileta. Baba alilipokea, akaliona lilivyo jepesi, akalitikisa.

"Maji yako wapi?"

"Nilimwoshea mtoto, baba fulani..."

Nimeandika hivyo kwa kuwa alimwita kwa jina langu, kama wanawake wa kwetu wanavyowaita waume zao kwa majina ya watoto, nami sitaki jina langu liwemo humu. Alilitamka jina langu, na dumu likamgonga usoni. Alianguka. Baba aliingiza mkono usioungua ndani ya buti ya gari, akatoka na mpini wa jeki.

Nilikuwa nimemwona akimpiga mama mara nyingi. Kila mara alitumia mkono, au mkanda. Chuma kile sikuwahi kukiona kikinyanyuliwa juu ya mtu. Kilimpata begani, kisha mbavuni, na mara ya tatu kwenye mkono alioukinga juu ya kichwa, nikausikia ukivunjika. Mama hakupiga kelele. Alikuwa anasema tu, "Watoto wanaona. Watoto wanaona."

Hapo ndipo nilipopiga mwano.

Aliyenifundisha mwano ni bibi mzaa mama. Ni yowe la Wasukuma: unalivuta kutoka tumboni, refu, huku unapigapiga mdomo kwa kiganja ili lisafiri. Anayelisikia anaacha jembe, anashika fimbo na kukimbilia lilikotoka, na yeye mwenyewe analipokea na kulipeleka mbele. Usipotoka, unatozwa faini. Ukilipiga bure, unatozwa pia. Niliwahi kulipiga kwa mchezo nikiwa nachunga mbuzi kwake kijijini, wanaume wakaja mbio, bibi akanicharaza fimbo mbele yao wote. "Mwano ni wa mwizi wa ng'ombe," aliniambia. "Ni wa fisi, ni wa moto. Mambo ya ndani ya nyumba hayapigiwi mwano hata siku moja."

Nilijua, basi. Sikukosea kwa kutojua.

Nilisimama juu ya kichuguu nikalipiga mara moja, mara mbili. Ng'ambo ya mashamba sauti ya mwanaume ikalipokea, halafu nyingine, halafu zikawa nyingi, na kabla baba hajaelewa kinachoendelea walikuwa wameshatokea pande zote na fimbo, mapanga, na wengine filimbi za sungusungu, walinzi wa kijiji, midomoni. Walimkuta mtu wa mjini aliyevaa jinzi, ameshika chuma, na mwanamke chini ana damu.

Mwanaume wa mbele alinitazama mimi. "Mwizi yuko wapi?"

Nikanyoosha kidole.

Sikuwaambia kuwa ni mwizi. Hilo nimejitetea nalo miaka mingi. Lakini waliuliza swali, na kidole changu kikajibu, na nilipokuwa nakinyoosha nilitaka wampige. Sikutaka waje kuamua ugomvi. Nilitaka asikie chuma kinavyosikika.

Fimbo ya kwanza ilimpiga sikioni. Alipiga magoti, akaanza kusema, "Jamani, jamani, nisikilizeni," na kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi. Mtu alimkanyaga ule mkono ulioungua. Mwingine alikuwa anarekodi kwa simu. Mdogo wangu alijifungia garini akaziba masikio. Niliona meno ya baba kwenye vumbi, mawili, na nikaona mzee mmoja akienda nyuma ya gari kuchukua tairi la akiba, na kijana akiuliza nani ana petroli.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilifungua mdomo kusema ni baba yangu, sauti haikutoka. Sauti yote ilikuwa imeishia kwenye mwano.

Mama ndiye aliyesimama. Alikwenda akijikokota, mkono mmoja ukining'inia, akajilaza juu ya baba kifudifudi. Fimbo mbili zilimpata yeye kabla hawajazuia mikono.

"Ni mume wangu!" alisema. "Baba wa watoto hawa. Niueni mimi kwanza."

Fimbo zikashuka. Kiongozi wao, mtu mfupi mwenye koti la mvua, alichuchumaa. "Mayu, mama, umeibiwa nini?"

"Sijaibiwa kitu."

"Nani kapiga mwano?"

Mama alinitazama. Uso wake ulikuwa umeanza kuvimba upande mmoja. "Mimi," alisema. "Nilipiga mimi. Nilichanganyikiwa."

Walibishana pale pale kwa Kisukuma. Bibi mmoja aliyekuja na jembe lake alisema mwano ule haukuwa wa uongo, mwenye macho aone damu. Wanaume wakasema damu ya mke ni ya nyumbani, na sheria ni sheria: mwano wa bure unalipwa. Tukalipa kwa tulichokuwa nacho. Walichukua kuku wote wawili, wali na kreti la soda. Kisha, maana hawakuwa watu wabaya, wanawake walileta maji kwa ndoo, wakaijaza rejeta, na yule bibi akaufunga mkono wa mama kwa vijiti na vipande vya kanga.

"Rudini Magu hospitali," kiongozi alisema.

Baba alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Sikio lake la kushoto lilikuwa linatoa damu hadi shingoni. "Tumetoka kwenda ziwani," alisema. Mdomo haukufunga vizuri. "Tutakwenda ziwani."

Na kweli tukaenda. Ufukwe ulikuwa umejaa familia, muziki mkubwa, watoto wenye maboya ya rangi. Watu walitupisha. Upepo wa mchana ulikuwa umeamka na mawimbi yalikuwa yanapiga mchanga kwa nguvu. Baba aliingia majini na jinzi yake hadi kifuani, akawa anaosha uso.

Mama alinivuta nyuma ya kibanda. Hakuwahi kunipiga maisha yangu yote. Alinipiga kwa mkono uliobaki mpaka nikakaa chini. "Nani alikuambia uite watu wamuue baba yako?"

"Angekuua wewe."

"Ningekufa mmoja," alisema. "Yeye wangemchoma mbele ya macho yenu, na wewe ungebaki na moto huo maisha yako yote." Kisha akalia, akanikumbatia kwa mkono huohuo, na bado nilikuwa nimemkasirikia.

Baba alitoka majini akaja moja kwa moja kwangu. Mama alitaka kusimama katikati, baba akamsogeza, si kwa nguvu.

"Sauti ya mama yako naijua," alisema. "Haikuwa yeye."

"Hapana. Ilikuwa yangu."

Nilifumba macho nikasubiri kibao. Nilisubiri sana. Nilipoyafumbua alikuwa anaangalia mikono yangu, kisha akageuka, akaenda kumbeba mdogo wangu.

Sikio lile halikusikia tena. Mama naye mkono wake ulipona ukiwa umepinda, na hakupigwa tena, wala sisi watoto hatukupigwa. Majirani walisema baba ameokoka. Nilichokiona mimi ni kwamba tangu siku ile, akinikuta sebuleni peke yangu, alivuta kiti akakaa karibu na mlango, na mlango akauacha wazi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na baba yangu alikuwa ananiogopa. Mungu anisamehe, nilipenda.