Jiwe la Juu ya Kifuniko

Mwenzangu, mimi kazi yangu ni metali. Nazipasha moto, nazivunja, nachungulia ndani yake kwa hadubini kubwa, na ndiyo inayonilisha huku nchi ya baridi. Juzi profesa wetu wa maabara alinipa kipande cha tantali, akakisifu kuwa ni metali safi, haishiki kutu, wala asidi nyingi haziiwezi. Safi! Nilikibwaga mezani hadi wenzangu wakageuka.

Tantali hutoka katika jiwe jeusi ambalo kwetu Kivu tunaliita koltani. Nililifahamu kabla sijajua kuandika, kwa kuwa lilikaa juu ya sufuria ya maharage ya koko, ndivyo tulivyomwita bibi yetu.

Kila likizo nilitoka Bukavu kwenda kwake, kupita Katana, tukapalilia shamba asubuhi kungali na ukungu wa ziwa. Jembe likigonga mawe mazito ya namna hiyo, tuliyatupa mpakani. Koko alijichagulia moja la kukandamizia kifuniko, mvuke usitoroke, na jiko zima likanukia moshi na vitunguu. Kuliondoa ilikuwa haki yake peke yake. "Sufuria iko na mwenyewe," alitukaripia, na mwiko ukatufuata mgongoni.

Ndipo vita ikaja, na siku moja mchana akatokea mnunuzi wa madini kutoka mjini, nyuma yake askari wawili. Koko akawapa viti na maji, maana kwao mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Yule bwana hakungoja. Aliliondoa jiwe mwenyewe, akalipima mkononi.

"Maman, hii umeitosha wapi?"

"Mu shamba, papa. Iko mengi. Lakini rudisha kwanza, chakula haiyaiva."

Kisha akawapakulia. Wakala, wakashiba, wakaomba ya kuongeza! Hapo ndipo damu hunichemka hadi leo. Koko hakuweza kuwaza kwamba mtu atakula maharage yako halafu akunyang'anye shamba yalikoota.

Maharage yalikuwa yametoa maua waliporudi na wachimbaji. Koko alisimama mbele ya majembe yao, akasukumwa. Askari mmoja akamwambia udongo wa juu ni wake, wa chini ni wa wenye bunduki. Ule ulikuwa wizi, tena wa watu walioshiba kwake, na hakuna aliyewahi kuwajibishwa.

Baba akamleta kuishi nasi Bukavu. Mimi nikasomea metali, nikitaka kujua ni kitu gani hicho kilichomshinda koko thamani. Nimekijua chote, hata joto linalokiyeyusha, na jibu bado sijalipata. Nilipofika shambani mwaka huu nilikuta mashimo yamejaa maji ya mvua. Hakuna anayelima.

Lakini kinachoniuma zaidi kilitokea sokoni Nyawera, muda mfupi baada ya koko kuhamia kwetu. Yeye aliyegawia kijiji kizima mbegu alikuwa ameinama juu ya gunia la mtu mwingine, akiyapitisha maharage vidoleni, akizitaja mbegu kwa majina yake ya Kihavu, polepole, kama anayeita watoto.

"Maman," muuzaji akamwambia, "unanunua ao unaangalia tu?"

Koko akafuta mikono kwenye kitenge.

"Naangalia tu, mwanangu."