Bikoni Juu ya Kisiwa

Niliporudi likizo kutoka chuo kikuu huko Uganda, mapema miaka ya hamsini, nilikuta wenzangu wa Shinyanga wametawanyika. Waliobaki nyumbani walikuwa wameoa, wengine walikuwa migodini Geita. Niliwafuata Geita. Waliingia chini ya ardhi alfajiri, na wakitoka walitaka kula na kulala, si kubishana nami kama Mungu yupo. Baada ya siku chache nikaona ninawachosha.

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa ametuambia kwamba miamba ya ukanda ule wa dhahabu ilitapikwa na volkano, zamani mno. Sikumwamini. Nikasikia kwamba ziwani, mbele ya Geita, kuna kisiwa kidogo chenye kilima cheusi ambacho watu husema kiliwahi kuwaka moto. Nikaamua kupanda nikajionee shimo lenyewe. Hakuna aliyekubali kufuatana nami.

Mvuvi mmoja Mzinza, wa umri wa baba yangu mdogo, alinivusha kwa mtumbwi wake. Yeye na mkewe waliishi kisiwani, wakilima mihogo chini ya kilima hicho. Nililala kwao. Asubuhi nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza:

"Unakwenda kufanya nini huko juu?"

"Kutazama tu, baba. Nataka kujua kama ni volkano."

Mkewe, aliyekuwa akipaa samaki mlangoni, akacheka. "Shinyanga vilima vimewaishia, hata mje kutazama vya kwetu?"

"Kwetu kuna mawe matupu, mama."

"Si ungepanda mawe yenu, mwanangu! Viatu vyenyewe hivyo vya kanisani."

Mume hakucheka. Alinieleza kwamba zamani walikaa bara, karibu na Geita. Siku moja alikuja kijana mwenye nyundo, akapanda kilima nyuma ya nyumba yao, akasema anatazama tu. Baadaye vikaja vigingi vya mipaka. Baada ya vigingi wakaambiwa wahame, kwa kuwa chini ya shamba lao kulikuwa na dhahabu.

"Mbuzi akipanda kilima anafuata majani," alisema. "Wewe unafuata nini?"

"Sifuati dhahabu."

"Hata yule alisema hivyo." Akanitazama. "Ukikuta kigingi huko, utaniambia?"

Nikamwahidi.

Nilipanda peke yangu. Mawe yalikuwa meusi, yenye makali, na nyasi kavu zilinifika kifuani. Kila niliposimama kuvuta pumzi nilijikuta nikigeuka nyuma kana kwamba kuna mtu wa kumngoja. Kileleni hapakuwa na shimo la moto. Palikuwa na bonde dogo la kina cha sufuria, limejaa mavi ya pimbi. Labda lilikuwa volkano, labda halikuwa. Nilizunguka, nikapiga jiwe kwa jiwe, nikaligeuza. Halikuniambia lolote. Upepo ulivuma, ziwa likawa kila upande, na hapakuwa na hata mtu mmoja wa kubishana naye.

Kisha nikaiona bikoni: nguzo fupi ya saruji, bomba la chuma limechomoza katikati. Nilijua ni alama ya wapima ramani. Nilijua pia kwamba nikimwambia, yule baba ataiona ni kigingi. Ningeweza kunyamaza, naye angelala usingizi. Lakini nilikuwa nimewasumbua watu wengi mno nikiwadai ukweli.

Niliposhuka nilimkuta amesimama palepale nilipomwacha.

"Ipo bikoni," nikasema. "Ni ya ramani tu, baba. Si ya dhahabu."

"Ramani ya nini?"

"Kuonyesha kisiwa kilipo."

"Sisi tunajua kilipo. Nani hajui?"

Niliinama nikang'oa nyasi zilizonasa kwenye viatu.

"Kama ni ya ramani tu," akasema taratibu, "rudi ukaing'oe."

"Siwezi. Ni mali ya serikali, nitafungwa."

"Ahaa. Kumbe ina mwenyewe."

Mkewe aliacha kutwanga. Jioni ile tulikula bila mzaha wowote.

Kulipopambazuka waliondoka wote wawili, mume na jembe, mke na panga, wakashika njia ya kilimani. Niliketi mtumbwini kuwangoja, maana sikujua kupiga kasia. Jua lilipanda. Niliwaona kileleni, wadogo kama vijiti, wameinama mahali pamoja. Wakainuka. Wakainama tena. Umbali ule haukuniruhusu kujua wanachimba, wanavunja au wanapapasa tu.

Waliposhuka, vumbi la saruji lilikuwa limemganda mwanamume kwenye vinyweleo vya mikono. Mimi niliyezoea kuuliza kila kitu sikumwuliza walichofanya. Alipiga kasia mpaka bara akinipa mgongo. Alinishika mkono nishuke nisianguke, kisha akausukuma mtumbwi majini kabla sijamaliza kumshukuru.